Vishikizo vya Shangazi

Kwa Redio hakuna mtu aliyetoka bila kucheka, na balaa lote lilianzia hapo.

Redio alikuwa fundi wa kuvalisha farasi viatu, kibanda chake cha mabati kikiwa nyuma ya soko la mbao. Jina alilopewa na wazazi wake sidhani kama hata mkewe alilikumbuka. Tulimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Nani kahama usiku na kitanda cha mwenye nyumba, nani kafumaniwa na mkwewe jikoni akila peke yake, yote ungeyapata pale, tena fundi akiyasimulia huku misumari ameibana mdomoni. Wanaume wasio na farasi wala punda walikuwa wanakwenda kukaa tu. Hata mimi, nikipita na kapu langu la maandazi, nilikuwa najikuta nimesimama saa nzima, na maandazi yanapoa.

Ila kibanda kile kilikuwa na sheria yake. Ukileta farasi, unamshika kichwa, unacheka na wenzako, unashukuru, unaondoka. Ukithubutu kuuliza habari ya kiatu, Redio anakubatiza, na jina lenyewe haling'oki. Muuza maji mmoja aliuliza kwa nini msumari umetokeza juu sana. Akaitwa Profesa, na mpaka leo wanawe ni watoto wa Profesa. Mwingine alisema tu kwamba anaona kiatu kama kifupi upande wa nyuma. Huyo akawa Mama Mkwe. Mwanaume mzima, ndevu mpaka kifuani, Mama Mkwe! Mkewe mwenyewe siku moja alimwita hivyo mbele ya wageni, ulimi ukiwa umeshazoea.

Basi Baba Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anabeba matofali kwa mkokoteni. Farasi wake alikuwa jike la rangi ya kahawa, tukimwita Shangazi, maana asubuhi hakutaka kusemeshwa na mtu kabla hajala. Yeye ndiye aliyekuwa anailisha nyumba ile. Pacha, mama yao, bibi yao mzaa baba aliyekuwa halali bila dawa, wote walikuwa juu ya mgongo wa Shangazi, hata kama hawakumpanda.

Tatizo lilikuwa ukwato wa mbele wa kulia. Upande wa nje ulikuwa unamomonyoka kama ukuta wa udongo uliolowa mvua, msumari ukipigwa haupati pa kushika. Kiatu kilikuwa kinacheza, kinateleza, kinachomoka. Redio akautazama, akasema, "Huyu misumari peke yake haimtoshi. Tunamwekea vishikizo."

Nilikuwepo siku hiyo. Vishikizo ni ndimi mbili fupi za chuma, fundi anazivuta kutoka kwenye kiatu chenyewe kikiwa bado chekundu, moja pembeni huku, moja pembeni kule. Kiatu kikishapigiliwa, anazigonga zilalie ukwato, zikumbatie. Hapo kiatu hakiendi kushoto wala kulia, na misumari inapumua. Kazi nzuri, akiifanya mtu aliyetulia.

Redio hakuwa ametulia. Alikuwa katikati ya hadithi ya mtu aliyekwenda kuposa nyumba siyo, na alikuwa amefika pale mposaji anapomsalimia baba mkwe wa watu. Nyundo ikapanda. Akakigonga kishikizo cha nje, akakigonga tena, na pigo la tatu likawa zito, la kupigia mstari hadithi. Watu wakaangua kicheko. Shangazi akaunyakua mguu kutoka mapajani mwa fundi kama aliyekanyaga kaa la moto.

Baba Pacha alikuwa ameshika kamba. Nilimwona akifungua mdomo.

"Ehe?" Redio akamtazama, macho yanacheka. "Mzee wa matofali ana neno?"

Wanaume wote wakageuka. Benchi zima lilikuwa linasubiri jina jipya kama watu wanaosubiri pilau.

"Nasema... chuma kimekaa vizuri," akasema Baba Pacha.

"Kimekaa! Sikilizeni mtu anayejua kuona!"

Jioni Mama Pacha aliniita uani. Shangazi alikuwa amesimama, mguu wa kulia ameutanguliza mbele, hauwekei uzito, kama mtu anayejaribu maji ya baridi kwa kidole. Mama Pacha akachutama, akauwekea ukwato kiganja, kisha akaweka kwenye ule mwingine.

"Shoga, gusa na wewe."

Nikagusa. Wa kulia ulikuwa na moto.

"Baba Pacha!" akaita. "Huyu mnyama anaumwa. Mwambie fundi akilegeze hiki chuma."

"Atakizoea. Hata wewe kiatu kipya kinakubana."

"Mimi kikinibana nakivua. Yeye atakivua kwa mkono gani?"

Asubuhi alikwenda. Nilimwona akitoka, amefunga uso kama anayekwenda kudai haki yake. Akarudi anafuta machozi ya kicheko, anatusimulia mwisho wa ile posa, kwamba kumbe kwenye nyumba ile siyo nako kulikuwa na binti, na binti kakubali. Mama Pacha alimwacha amalize.

"Umemwambia?"

"Palikuwa na watu."

"Basi nakwenda mimi."

Hapo kicheko kikamtoka usoni. "Ukienda wewe, mimi nitaitwa nani? Hebu niambie. Nitaitwa nani mpaka nafukiwa?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, Baba Pacha."

"Ni ukwato, mama. Si maradhi."

Mama Pacha hakwenda. Mimi ningekwenda, lakini farasi wa watu, mume wa watu, na mdomo wangu tayari ulikuwa na kesi nyingi pale mtaani.

Wakampumzisha Shangazi kidogo, joto likaonekana kupungua, Baba Pacha akamfunga tena mkokoteni. Siku hiyo alikuwa anapeleka matofali kwenye nyumba inayojengwa juu ya mlima, kupita soko la mbao. Wakati wa kushuka, mkokoteni ukiwa mtupu, Shangazi aliburuta ule mguu wa mbele kwa uvivu wa maumivu, na mguu wa nyuma ukamfikia, ukakanyaga kisigino cha kiatu. Kiatu kikavutika. Hakikung'oka. Kilipinda, kikahamia upande mmoja.

Baba Pacha alishuka akakiona. Na kiatu cha kawaida kikihama, kila mwenye mkokoteni anajua la kufanya: unamwongoza mnyama polepole, mnafika. Ila kiatu chenye vishikizo kikihama, ule ulimi wa chuma hauko pembeni tena. Umeingia chini ya mguu, umesimama, na mnyama kila akikanyaga anajikanyagia mwenyewe. Hapo hutembei hata hatua. Unakivua palepale, kwa koleo, kwa jiwe, kwa meno. Hilo Baba Pacha hakulijua. Redio hakumwambia, kwa kuwa hakuulizwa, na pale kibandani jambo usilouliza halisemwi, kuna hadithi za kusema.

Na kibanda kilikuwa karibu, akikiona kabisa pale aliposimama. Moshi unapanda, benchi limejaa. Kicheko, aliniambia baadaye, kilimfikia hadi barabarani. Akamshika Shangazi hatamu, akageuka, akazunguka kwa njia ya bonde, ndefu, yenye mawe, ili wasimwone.

Nilikuwa nakaanga nilipowasikia wanaingia. Mtu akikaa na farasi ukuta kwa ukuta anaujua mwendo wake kama anavyojua kikohozi cha mumewe. Siku hiyo ulikuwa na pengo. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Nikaepua karai.

Baba Pacha na mkewe waliuinua mguu wakiwa wawili. Kishikizo cha nje kilikuwa kimezama kwenye wayo mpaka shinani. Baba Pacha akakivuta kiatu kwa koleo la bomba, na kilipotoka damu ilifuata, nyeusi, na Shangazi hakupiga hata teke. Alikiegemeza kichwa begani kwa Mama Pacha, akawa anatetemeka tu.

Wakamwosha kwa maji ya chumvi. Wakamfunga kwa shuka iliyochanwa. Bibi yao pacha akatoa dawa yake mwenyewe, akasema apakwe. Jeraha likajifunga juu, wote tukafurahi kama wajinga, kumbe chini kunaoza. Harufu ndiyo iliyotuambia. Daktari wa mifugo alipokuja alitoboa, akachungulia, akavua glovu taratibu.

"Imefika kwenye mfupa," akasema. "Hapa mnamtesa."

"Nyumba nzima inamtegemea," akasema Baba Pacha.

"Najua, kaka. Lakini mfupa haujui."

Sindano alipigwa palepale uani. Pacha walipelekwa kwangu nikawapa maandazi, wakayashika bila kula. Ukuta wetu ni mwembamba. Tulisikia alipoanguka.

Sasa wale wenye lori la mizoga hawachukui mnyama mwenye chuma mguuni, mashine yao inaharibika. Viatu vitatu vilikuwa bado vipo. Ikabidi aitwe Redio.

Alikuja peke yake na sanduku lake. Hakusema lolote mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaisikia pumzi yake, ina filimbi ndani, ya moshi wa miaka mingi. Akapiga magoti. Akaving'oa viatu kwa upole, msumari mmoja mmoja, kama Shangazi angeweza kuamka. Kisha akauchukua ule mguu mbovu, akaufungua shuka, akapitisha kidole pale kishikizo kilipokuwa kimelalia. Palikuwa na bonde jekundu kwenye ukwato, bonde la nyundo.

"Hiki nilikigonga mimi," akasema. "Kupita kiasi."

Baba Pacha alikuwa amesimama ameegemea mkokoteni.

"Alipouvuta mguu, uliona?" akauliza.

"Niliona."

"Na mimi niliona."

"Nilijua umeona. Nikasubiri useme, nipate sababu ya kukilegeza." Redio akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nisingeweza kujirudi mwenyewe, benchi zima linaniangalia."

Nilidhani watapigana. Nilishajiandaa kuita watu. Lakini Baba Pacha alikuja akachutama upande wa pili wa ule mguu.

"Kinatakiwa kigongwe vipi?"

"Mpaka kiguse. Basi. Ukipitisha kucha kati yake na ukwato, ikwame. Isipokwama kimelegea. Isipoingia kabisa, umembana."

"Na joto lile la jioni?"

"Hapohapo ungeniletea. Kuwasha moto na kulegeza ni kazi ya dakika."

"Na kikihama njiani?"

"Unakivua. Unamleta peku."

"Nilikuwa pale kwenye kona. Nilikuwa naona moshi wako."

 Redio akachukua nyundo yake ndogo, akakiweka kile kiatu kilichopinda juu ya ukwato wa maiti, akamwonyesha: hivi, na hivi, pole, usikilize sauti yake ikibadilika. Baba Pacha akaomba ashike yeye. Akagonga. "Hapo?" "Pole zaidi." Akagonga tena. Aliuliza yote, moja baada ya jingine, kama mtu aliyefunguliwa kizibo, na fundi akajibu yote, bila utani hata mmoja.

Mama Pacha alisimama mlangoni, mikono kifuani, akawasikiliza. Nje lori likapiga honi. Honi ya pili, bado walikuwa wameinama.

"Sogeeni," akawaambia. "Watu wanataka kupitisha kamba."