Hamira Ilipomaliza Utamu wa Nyumba

Siku ya nane mapovu yaliacha kutoka kwenye mrija wa ndoo ya pombe, na seremala akachukua bilauri ili aonje bia yake ya kwanza. Mkewe, fundi cherehani, akaweka mkono juu ya mfuniko wa ndoo.

"Mapovu yanadanganya. Karatasi ya maelekezo inasema tuamini kipimo. Kikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, ndiyo imeiva."

Kipimo kilikuwa kijiti cha kioo kinachoelea. Kadiri hamira ilivyokula sukari ndani ya ndoo, ndivyo kilivyozama. Siku hiyo kilikuwa kimezama zaidi ya jana.

Asubuhi iliyofuata chai haikukolea. Mke aliongeza vijiko viwili, kisha vinne, kisha akabeba kopo zima la sukari hadi dukani.

"Umeniuzia nini?"

Muuza duka alilamba kidole. "Mna pombe ndani, shemeji?"

"Ndoo moja tu."

"Basi hamira imemaliza ya ndooni, sasa inakula ya nje. Kwa dada yangu ilimaliza mpaka asali. Ficha ndizi."

Hakumwamini, maana mizani ya duka lile ilijulikana mtaa mzima. Alinunua sukari kwingine, akaifungia kabatini, akatembea na ufunguo. Kufika jioni nayo ilikuwa kama mchanga mdomoni.

"Sukari nzuri unampelekea mama yako," mumewe alisema.

"Kopo limejaa. Pima."

Alipima, lakini aliendelea kuutazama mkoba wa mkewe.

Huko kwa mama wa mke aliishi binti wa mke, wa miaka sita, aliyezaliwa kabla ya ndoa hii. Kwa miaka miwili seremala alikuwa akisema, "Shule zikifungwa tu, malkia wangu, tunamleta mtoto wetu. Kitanda chake nimeshaanza kukichonga." Mke kila akipita karakana alikitafuta kwa macho kitanda hicho. Aliona milango.

Siku ya kumi aliuliza tarehe kamili ya kumleta.

"Mtoto si wangu," seremala alisema, akimenya yai. "Hatakuja."

"Na kitanda?"

"Hakuna kitanda."

Alisema bila hasira, kama anayemtajia mteja urefu wa fremu. Mke aliinama, akasoma kipimo, akaandika namba ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Labda mtu kachoka, aliwaza. Siku ya kumi na moja aliuliza tena, akapata jibu lilelile, neno kwa neno, na namba ileile. Siku ya kumi na mbili aliuliza mara mbili; jibu na namba vilikuwa vilevile.

"Imeiva," akasema.

Walijaza chupa ishirini na tatu. Bia ilitoka kavu, bila chembe ya utamu, na angavu, na muuza duka alikunywa mbili akiwa amesimama. Ndoo ilioshwa, ikaanikwa juani. Utamu ukaanza kurudi nyumbani polepole, kwanza kwenye sukari ya kabatini, kisha kwenye ndizi. Jumamosi ukamfikia mume.

"Malkia wangu," aliita kutoka mlangoni, vumbi la mbao likiwa kwenye nyusi, "kitanda cha mtoto tukipake rangi gani?"

Mke alikuwa akikunja upindo wa sare ya shule ya mtoto wa mteja.

"Nyeupe," alisema, uzi ukiwa mdomoni, akitupia jicho namba za chaki ukutani, na cherehani ikaendelea.