Chai ya Zamu ya Usiku

Nilimchukia Ephantus kabla hajanikosea, na nalisema hilo mapema ili mtu asinionee huruma nikifika kwenye jino.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja nje ya mji wa Kericho. Kazi yangu ilikuwa kuivuta chai kwa kijiko, kwa kelele, kuizungusha ulimini, kuitema, kisha kutoa hukumu. Nikisema nzuri, inapakiwa. Nikisema mbovu, mtu anaitwa ofisini. Ephantus alisimamia zamu ya usiku, pale majani yaliyosagwa yanapoachwa yabadili rangi kabla ya kukaushwa. Babake alitoka Nyeri akanunua shamba huku kwetu, na tangu zile fujo za kikabila za tisini na mbili, mtu wa kwao akisemwa vibaya hakuna aliyeuliza maswali mengi. Nililijua hilo, na nililitumia.

Wiki tatu mfululizo chai yake ilinipa uchachu wa kuoza. Ya zamu ya mchana, niliyoionja saa tisa baada ya chakula, haikuwa na neno. Ya usiku, niliyoionja saa moja asubuhi, ilinikunja uso. Majani yakipita kwenye mitambo michafu huchacha hivyo hivyo, kwa hiyo niliandika: haoshi mitambo.

"Naosha na maji moto kila siku," Ephantus alijibu, siku ambayo meneja wetu, Bwana Onyancha, alituita kwenye chumba cha kuonjea. "Kuja uone na macho yako."

"Sihitaji macho, niko na ulimi! Mchafu kama wewe hafai kushika kitu watu wanakunywa!"

Nilimsogelea nikamtukania usoni, kwa sauti iliyofika kwenye mashine. Akarudi nyuma hatua moja. Nilidhani ni woga, kumbe anaziba pua.

"Si chai inanuka," akasema polepole. "Ni mdomo yako."

Nilipiga meza vikombe vikaruka. Onyancha akasema barua ya kumfuta Ephantus itatoka baada ya wiki mbili. Ephantus hakubembeleza. Aliomba kitu kimoja tu: chai ya asubuhi ile ifungwe kwenye mkebe, sisi watatu tutie sahihi juu ya karatasi ya gundi, na ufunguliwe siku ya barua. Nilitia sahihi nikicheka, ingawa kucheka kuliniuma.

Kwa maana jino lilikuwepo. Lilikuwa la mwisho kabisa, chini, upande wa kulia. Fizi ilikuwa imelifunika nusu, na kwa miezi miwili ilikuwa ikivimba na kunywea. Mto wangu ulikuwa na madoa ya manjano. Cheptoo, mke wangu, alikuwa amezoea kulala akitazama ukuta.

"Baba Fancy, nenda hospitali," aliniambia. "Ama unangoja mimi pia nizibe pua?"

Habari za kiwanda zilifika nyumbani kabla yangu. Nilimfokea, na hilo pia nalikiri.

Alhamisi yake niliamka taya limekaza. Mwonjaji ambaye kijiko hakimwingii mdomoni! Nilienda mjini kwa sababu hiyo tu, si kwa toba. Kwenye benchi nilimkuta mama mmoja kutoka Sigowet aliyevimba shavu mpaka jicho likafumba, na mchuma chai aliyevunjika taya kwa kuanguka kutoka kwenye trekta. Daktari wa meno aliitwa Yunia, mama mkali asiye na salamu ndefu. Alinipiga picha, akaishika dirishani.

"Si kila jino ya mwisho tunatoa," akasema. "Ikikaa kimya, tunaiacha. Hii yako imelala ubavu, inasukuma mwenzake, na chini ya fizi kuna mfuko ya usaha. Lazima itoke. Kwanza meza dawa na usukutue na maji ya chumvi siku tano, uvimbe ushuke."

"Unatoaje?"

"Nadunga sindano ya ganzi, napasua fizi, nachonga mfupa kidogo, nakata jino vipande viwili, natoa, nashona." Akanitazama. "Na hapo karibu kuna mshipa wa ulimi. Mara chache ulimi hufa ganzi. Kwa wengi inarudi. Kwa wengine hairudi."

Nikamwambia ulimi ndio unaonilisha, mimi ni mwonjaji wa chai.

"Unaonja chai na hiyo mdomo?" aliuliza. "Ukilala, usaha inamwagika usiku mzima. Asubuhi kila kitu unaonja, unaonja hiyo. Ukishakula na kunywa maji, inapungua."

Asubuhi, saa ile niliyoionja chai ya Ephantus. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeonyeshwa langu na mwanamke mwenye koleo mkononi. Nilimchukia naye pia.

Jumanne alinikata. Sikusikia maumivu, nilisikia tu jino likipasuka ndani ya kichwa changu. Ulimi ulilala mdomoni kama wa mtu mwingine hadi jioni, Cheptoo aliponiwekea chembe ya chumvi upande wa kulia.

"Unasikia?"

Nikasikia. Nililia, wala sioni haya kusema.

Siku ya barua, saa moja asubuhi, Onyancha aliikata karatasi yenye sahihi zetu. Barua ilikuwa mezani, imeshapigwa taipu. Ephantus alisimama mlangoni na mkoba, kwani alikuwa ameshaambiwa ahame nyumba ya kiwanda. Tulingoja dakika sita chai ikolee. Nikavuta.

Ilikuwa safi, chai ambayo ningemwandalia mgeni wa heshima. Ningeweza kuitema na kusema imeoza, na nani angenibishia? Tena nilitaka kusema hivyo, nilitaka sana, nisione uso ule ukinishinda. Lakini Ephantus hakuwa akinitazama. Alikuwa akiitazama barua.

"Ni nzuri," nikasema. "Haina kasoro. Ilikuwa mdomo wangu."

Onyancha akaichana barua. Nikangoja Ephantus ashukuru, au anisamehe, au angalau atoke. Badala yake alinisogelea mpaka karibu, kama nilivyomsogelea mimi.

"Sijasikia," akasema. "Siku ile ulipiga kelele mpaka watu wa mashine wakasikia. Sema tena na hiyo sauti."

Nilimgeukia Onyancha anitetee. Onyancha akaufungua mlango wa upande wa mashine.

Nikasema tena, kwa sauti ile ile, mpaka mshono ukavutika na nikaonja damu. Watu waliacha kazi wakageuka. Ephantus alinisikiliza hadi neno la mwisho bila kuziba pua, akaweka mkoba chini, akaenda kuosha mitambo.