Sita, Mbili, Moja

Fundi wa viti, asiyeona, alisomewa akiba yake mbele ya watu watano, na hakuna hata mmoja aliyejifanya hakusikia.

"Elfu arobaini na mbili," wakala wa pesa za simu alirudia. Mtaani walimwita Chenji, kwa sababu tangu afungue kibanda chake hajawahi kuwa nayo. Alikuwa ameinama nje ya dirisha asome simu ya Fundi, maana simu ilifungwa kamba shingoni mwa mwenyewe, na mwenyewe hakukubali kuivua. "Wewe unataka laki nne. Labda nikutolee na figo yangu juu."

Foleni ikacheka. Fundi akasema, "Soma tena."

"Nimesoma mara tatu, Fundi. Hata nikikuimbia, itabaki arobaini na mbili."

Elfu arobaini na mbili ndizo alizoacha marehemu mkewe kwenye ile akiba. Tangu azikwe, miezi mitatu sasa, Fundi alikuwa akiongeza elfu tano kila siku ya kazi. Pesa zilikuwa zikitoka kwenye salio lake la kawaida, hilo alilijua, maana kila alipotaka ya matumizi alikuta limepungua. Zilitoka, lakini huko zilikokusudiwa hazikufika. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ukumbi wa mikutano ulikuwa umempa viti arobaini avisuke upya vikalio na migongo, na meneja alishasema wazi: kama Ijumaa hana nailoni ya kutosha, kazi inakwenda kwa mwingine.

"Namba yako ya siri anaijua nani?" Chenji aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Marehemu."

"Marehemu hatoi pesa. Nyumbani unakaa na nani?"

"Shemeji yangu. Dada mdogo wa marehemu."

Chenji akasema kile ambacho watu wote wa foleni walikuwa wameshakifikiria. "Kikulacho ki nguoni mwako, mzee."

Na Fundi, badala ya kumkemea, alijibu kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni: "Basi ni yeye."

Alirudi nyumbani fimbo ikigonga ukingo wa mtaro, akipanga ushahidi kama anavyopanga nyuzi. Shemeji alikuwa na viatu vipya. Fundi aliwahi kuvisikia mlangoni, vina soli nzito isiyoteleza. Shemeji alikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla Fundi akianza kubonyeza simu. Na mara tu baada ya matanga, alikuwa amesema, "Shemeji, nipe nikusomee meseji zako, zimejaa humo." Nani huomba kusoma meseji za pesa za mwenzake?

Simu ya Fundi ilikuwa ya vitufe, isiyosema. Mkewe ndiye aliyemfundisha njia ya akiba, akimshika kidole. Ukipiga ile namba ya huduma, orodha inakuja kwenye kioo, nawe huioni. Na ukingoja mtu akusomee, mtandao unachoka kukungoja, unakata. Kwa hiyo usingoje. Piga moja kwa moja: sita, mbili, moja, kiasi, namba ya siri, maliza. Fundi aliishika kama anavyoshika mshono, juu mbili chini moja, mpaka vidole vikawa vinakwenda vyenyewe huku mdomo ukizungumza mengine. Meseji ilipoingia, mkewe aliisoma. Baada ya yeye kufariki, meseji ziliingia zikilia tu, na Fundi hakumpa mtu azisome. Shemeji alipomwambia kuna simu zinazosoma zenyewe kwa sauti, alimjibu kwamba simu inayosema itamsemea na kwa majirani.

Shemeji alimkuta amekaa kwenye kiti kisicho na kikalio, kile cha mfano kutoka ukumbini, mikono imeshika fremu.

"Umekalia hewa leo?" alisema akiweka kapu chini.

"Viatu vyako bei gani?"

"Viatu gani?"

"Hivyo ulivyovaa."

"Hivi vya kazini, Shemeji. Sakafu ya dobi ina maji, wametugawia sote. Kwani vimekukosea nini?"

"Nimetoka kwa Chenji. Akiba haijaongezeka hata senti tangu dada yako atuache."

Akasikia pumzi ya shemeji ikisimama. Kwa mtu mwenye shaka, kila pumzi ni ushahidi, na Fundi aliiandika hiyo pamoja na viatu.

"Naomba simu," shemeji alisema. "Nisome meseji. Zitasema pesa imekwenda wapi."

"Ndiyo unayoitaka, simu."

"Wewe!" Kapu liligongwa na mguu. "Namba yako ya siri mimi naijulia wapi?"

"Una macho. Vidole vyangu havina pazia."

Shemeji akacheka kicheko kikavu. "Miezi mitatu nakufulia, nakupikia, nakuambia shati hili limegeuzwa, mtu asikucheke barabarani. Na kumbe muda wote nilikuwa mwizi mwenye subira." Akaingia chumbani. Zipu ya begi ililia mara mbili. Alipotoka alipita karibu naye, lakini hakumgusa. "Chumvi iko kwenye kopo la kushoto. La kulia ni sabuni ya unga. Nakuambia usije ukasema nimekutilia sumu."

Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, na hilo lilimsumbua kuliko kama ungebamizwa.

Asubuhi Fundi alikwenda ofisi ya kampuni ya simu, akaelekezwa kaunta ya tatu. Aliyemhudumia alikuwa binti mwenye sauti ya mafua.

"Nataka kujua nani ananiibia," Fundi alisema.

"Kitambulisho, baba. Na kidole chako hapa... hapo. Asante." Vitufe vya kompyuta vikalia. "Hakuna aliyetoa kitu kwenye akiba yako. Hakuna aliyeweka pia."

"Naweka mimi kila siku!"

"Hapana, baba. Kila siku unatuma. Elfu tano, mtu mmoja yuleyule. Mara sabini na tatu. Laki tatu na elfu sitini na tano, bila kuhesabu makato."

Fundi aliishika kaunta. Sasa ndiyo sasa. "Nisomee namba ya huyo mtu."

Binti alianza kusoma polepole, tarakimu moja moja. Ilipofika ya saba, Fundi alimalizia mwenyewe zile zilizobaki, kwa sauti, mpaka ya mwisho.

"Unamfahamu?"

"Ni mke wangu."

"Basi afadhali! Mwambie akurudishie."

"Amefariki."

Mafua ya binti yakasikika, kisha pole yake, kisha tena vitufe. Alieleza bila haraka, na Fundi alimshukuru moyoni kwa hilo. Orodha ya huduma ilibadilishwa wiki ileile ya msiba. Chaguo la akiba lilihamishiwa kwingine. Sita sasa ilikuwa kutuma pesa, mbili ilikuwa kwa watu uliohifadhi namba zao, na moja ilikuwa mtu wa kwanza kwenye orodha hiyo.

"Kabla ya namba ya siri jina hutokea, baba. Hukuambiwa na mtu?"

"Sikumpa mtu nafasi ya kuniambia."

"Na tulituma meseji kwa wateja wote kuhusu mabadiliko."

"Meseji," Fundi alisema. "Mmewatumia vipofu maandishi, mkalala usingizi. Nilibonyeza bila kungoja kusomewa kwa sababu mtandao wenu haunisubiri. Hilo nalo liandike hapo."

"Nitaliandika," alisema binti, na kweli vitufe vililia. "Simu yake iko wapi?"

"Sandukuni. Imezimwa."

"Pesa ziko salama, basi. Lete cheti cha kifo na cha ndoa leo, nizihamishie kwako kesho asubuhi. Laini yake tutaifunga." Akasita. "Tatizo ni fomu. Mteja asiyeona lazima aje na mtu anayeona, wa kumsomea na kutia saini pamoja naye. Mtu unayemwamini."

"Kidole ni changu, pesa ni zangu, akili ni zangu."

"Naelewa, baba. Sheria ya ofisi. Mimi mfanyakazi siruhusiwi."

Mwanamume nyuma yake akajitolea. "Mzee, hata mimi naweza kukusainia, ni dakika mbili." Fundi alinusa manukato yake, akajiuliza kwa nini mtu ana haraka ya kuwa shahidi wa pesa za asiyemjua. Akamshukuru, akachukua fomu, akatoka.

Alichukua vyeti nyumbani, kisha akaulizia mpaka akafika kwa dobi. Mvuke ulimpiga usoni mlangoni. Ndani wanawake walikuwa wakitaniana, na mmoja alinyamaza. Akajua ni yeye.

"Shemeji," alisema kuelekea kwenye ule ukimya.

"Kuna shuka limepotea hapa," alijibu shemeji. "Umekuja kunipekua?"

Wenzake wakakohoa kicheko. Fundi alikivumilia, alistahili kuchekwa. Akaeleza yote akiwa amesimama, mbele yao, bila kupunguza kitu: tarakimu, mara sabini na tatu, jina la aliyepokea. Alipolitaja, hakuna aliyecheka tena.

"Nilikukosea," alisema. "Nilikutaja kwa Chenji pia, foleni nzima ikasikia. Nitarudi huko huko nikaseme."

"Utasema kwa sauti ileile?"

"Kubwa zaidi."

"Na hapa umefuata nini? Msamaha, au saini?"

Swali lilikuwa na mtego, na Fundi aliona hakuna pa kuukwepa. "Vyote viwili. Lakini saini ina saa zake. Wameniambia nilete mtu ninayemwamini, nikahesabu watu wote ninaowajua."

"Ukapata wangapi?"

"Mmoja. Na nilikuwa nimemfukuza."

Pasi ilipumua mvuke. Shemeji alichelewa kujibu, na safari hii Fundi aliuacha ukimya wake ulivyo, asiutafsiri.

"Kwako sirudi," alisema mwishowe. "Nitakuja kama mgeni, unipishe kiti chenye kikalio."

"Sawa."

"Na fomu nitaisoma yote kwa sauti, hata yale maandishi madogo chini. Usinikatize."

"Sikukatizi."

"Wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nina mashuka sita ya hoteli hapa, hayatoki bila kukunjwa." Kitambaa chenye joto kikawekwa mikononi mwa Fundi, pembe kwa pembe. "Shika hapo. Vuta. Sio hivyo, wewe, utalichana. Nyoosha mkono wa kulia. Haya, sasa njoo kwangu."

Fundi akaenda, shuka likiwa limenyooshwa kati yao, hatua moja baada ya nyingine, kuelekea sauti ilipokuwa.