Alasiri ya Kwelea

Mpaka leo nikimwona Mrisho nachemka. Ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha kutembea porini: kila mwisho wa mwezi tunatoka Dar, watu kumi na wanane ndani ya Kosta moja, tunakwenda kukanyaga majani na kuvuta hewa safi. Mwezi wa sita ilikuwa zamu ya kwetu, kijiji kilicho kando ya Rufiji, si mbali na Ndundu. Mimi ndiye niliyewaalika, tena kwa majigambo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Tufike saa nne asubuhi, tule kwa mama, kisha tupite msituni hadi bondeni kwenye mashamba. Nilimweleza Mrisho mara mbili kwa nini ni saa nne. Mpunga ulikuwa umeiva, na kwetu mpunga ukiiva mtu huhamia dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, akaamia ndege, kuwafukuza wasile, kutwa nzima. Kwelea hushuka asubuhi, jua likikaza hupumzika, alasiri hurudi na njaa mpya. Mama na jirani yake Nasma, ambao mashamba yao yanapakana, walikuwa wamegawana siku: asubuhi Nasma aamie yote mawili ili mama apike, alasiri mama aamie yote mawili ili Nasma ampeleke mwanawe kliniki Ikwiriri. Mrisho akanijibu, "Usijali, ndugu yangu." Hilo neno nalichukia.

Bungu tulisimama dakika kumi. Dakika kumi za Mrisho ni saa nzima na robo. Watu walikula mishkaki, wakanunua korosho, wakapiga picha na mananasi kama vile Dar hayauzwi. Mama akapiga simu.

"Mmefika wapi, mwanangu? Wali umeiva."

"Tunaingia, mama. Nusu saa."

Niliona haya kumwambia kwamba wageni wangu wanachagua korosho. Kibiti walitaka chai, chai ikazaa supu, supu ikazaa dada mmoja aliyekumbuka kutafuta kanga. Mama alipiga tena, nami nikasema tena nusu saa. Nilimwendea Mrisho nikamwambia watu wanatungoja. Akanipiga bega, akasema safari ni njiani, tusikimbizane. Kwenye daraja la Rufiji wakashuka wote, wakatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakarudi, halafu wakagundua kwamba hawakupiga picha ya pamoja.

Tulifika saa tisa na nusu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, kajifunga kanga mpya, sufuria zimefunikwa. Nasma alikuwa ameshakwenda Ikwiriri, lakini kwetu mwenye nyumba haondoki wageni wakiwa njiani, na yeye kila saa aliambiwa wako hapo tu.

"Karibuni, wanangu. Nawieni mikono."

Wali wa nazi, na kamba waliokuja na boti ya asubuhi kutoka Salale. Wakadonoa. Walikuwa wameshiba Bungu na Kibiti, wakaacha sahani nusu nusu, mmoja akaniuliza kama kuna soda baridi. Mama akaenda kumtafutia soda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwambia mama akusanye vyombo, mimi nitawahi shambani na hawa. Tukashika njia ya msituni, na humo napo kila mti ulikuwa na picha yake. Tulipotokea bondeni ilikuwa inakaribia saa kumi na moja.

Kwelea walikuwa wameshuka. Si mia, si elfu. Shamba zima lilikuwa linatikisika. Waliinuka kwa pamoja, wakageuka hewani, wakatua tena, wakala. Nyuma yangu watu walipiga makofi. Simu kumi na saba zikainuliwa.

Nilipiga kelele, nikaanza kukimbia. Mrisho akanishika mkono.

"Mwinjuma, usiwatishe. Ngoja nimalize video."

Nilimnyang'anya ile simu nikaivurumisha kwenye matope. Nikamtukana, na matusi yale siyajutii hata moja. Nikapanda dungu nikapiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Ndege wakaondoka polepole, kwa kuwa walikuwa wameshiba.

Mama alifika anahema, maji ya vyombo bado mikononi. Aliingia katikati ya mpunga, akapitisha kiganja kwenye suke moja, akasogea, akashika jingine. Yalikuwa makapi matupu. Alivuka mpaka akaingia kwa Nasma, huko nako akashika, akatikisa kichwa. Mrisho alikuwa amepiga magoti matopeni anatafuta simu yake. Wengine walikuwa wameshusha simu, sasa wameelewa, na kuelewa kwao kulizidi kuniudhi.

Nikaanza kumweleza mama: ni hawa, ni huyu Mrisho, nilimwambia mara mbili, hawa watu hawana adabu. Nilisema mengi. Aliniacha nikamaliza.

"Hawa hawanijui," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia nusu saa. Ungeniambia kweli, ningefunika chakula nikaja kuamia."

Nikashika suke moja mwenyewe. Tupu.

"Nasma anarudi na gari la magharibi," alisema. "Kamngoje barabarani. Utamwambia wewe."