Rua Hapigwi

Sorcha Lenihan alipotoka hospitali na vyuma mguuni, hakupitia hata jikoni. Alikwenda moja kwa moja bandani kumwona Rua. Yule farasi jike mwekundu, ambaye Sorcha alimpokea kwa mikono yake siku alipozaliwa, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Kifuani alikuwa na makovu mapya.

"Nani kamfanya hivi?"

Kaka yake, Fintan, alijikuna kisogo. "Nilimpeleka kwa Malachy Tuohy akafundishwe kuruka. Nilidhani nakusaidia, dada."

Hakuna asiyemjua Tuohy huku kwetu wilayani Clare. Farasi wake hushinda, na mjeledi wake haujui likizo. Alikuwa amemswaga Rua kwenye vizuizi virefu kabla hajafundishwa kuruka hata kijiti. Rua akaangukia magogo, kisha akachapwa kwa kuanguka. Sasa akiona ndoo njiani alitetemeka mwili mzima.

Jumapili, watu wakitoka misani, Tuohy alimsimamisha Sorcha mlangoni pa kanisa. "Muuze tu. Uoga uko kwenye damu yake."

"Damu ipi? Mama yake aliruka kuta zote za shamba lako, Malachy, huku wewe unazunguka kutafuta geti."

Watu wakaangua kicheko. Tuohy hakucheka. "Haya, mlete kwenye maonyesho ya farasi ya Agosti tumwone akiruka."

"Namleta. Na fimbo sibebi."

Alianza na mti mmoja mwembamba wa kurukia, uliolazwa chini kwenye nyasi. Rua akaugomea asubuhi nzima. Sorcha, na gongo lake la kutembelea, akasimama naye kwenye mvua bila kumvuta wala kumfokea. Majirani wakajipanga ukutani kutazama.

"Dada, wanasema umechanganyikiwa," Fintan alinong'ona. "Farasi wa kuruka unamfundisha kutembea?"

"Waambie waje wanifunge kamba."

Mwishowe akamtoa punda wao mzee, aliyeitwa Askofu kwa sababu ya maringo yake. Askofu akauvuka ule mti bila hata kuutazama. Rua akamkodolea macho, akapuliza pua, akanyoosha shingo, kisha akavuka akinyanyua kwato juu kama anayekanyaga makaa. Sorcha akamsifu mpaka sauti ikamkauka, akamfungulia hatamu, akamwachia malishoni.

"Ndiyo basi kwa leo?" Fintan aliuliza.

"Ndiyo basi. Akimaliza na raha, kesho atakuja mwenyewe."

Wakaenda hivyo. Miti ikainuliwa kidogo, yakaja marobota ya majani makavu, yakaja mapipa. Mguu ulipopata nguvu Sorcha akapanda, akishika manyoya ya shingoni ili asimkate Rua mdomo kwa hatamu anaporuka. Siku moja Fintan, subira ilipomwishia, aliinua mti juu bila kusema. Rua akaugonga kwa magoti, na woga wote ukarudi. Ikabidi waanze upya, mti chini, Askofu mbele.

"Ukigusa tena mti wangu," Sorcha alimwambia kaka yake, "nitakurusha wewe."

Agosti ikafika na matope yake. Uwanjani Rua aliruka vizuizi vya kwanza masikio yakiwa mbele, na Fintan akaanza kupiga makofi mapema. Kisha ukaja ukuta wa matofali ya mbao yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Rua akakita miguu. Sorcha akamzungusha, akamleta tena. Akagoma tena. Kugoma mara ya tatu ni kutolewa.

"Mchape!" Tuohy alipaza sauti kutoka kwenye uzio, akinyoosha mjeledi wake juu ya mbao. "Shika hii, mama, usituchoshe!"

Wengine wakaitikia, "Mchape! Mchape!"

Sorcha alisimamisha farasi pale pale. Mguu ulimuuma, na sekunde zilikuwa zinamla. "Itafutie hiyo fimbo mgongo mwingine, Malachy," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye hema la chai. "Huu haupigwi. Ukiona vigumu kuvumilia, jichape mwenyewe."

Akamlegezea Rua hatamu. Farasi akautazama ukuta, akapuliza pua. Sorcha akamsemesha polepole, akamgeuza, akaja naye kwa mwendo mdogo, akashika manyoya, akatulia. Rua akasitasita. Kisha akajirusha juu kama paka aliyeungua, vibaya, upandeupande. Tofali moja la juu likaanguka, lakini akatua ng'ambo ya pili. Vilivyobaki aliviruka vyote.

Walikuwa wa mwisho, mbali kabisa.

"Wa mwisho!" Tuohy alisema wakitoka.

"Wa mwisho, na hatetemeki. Njoo umguse uone."

Tuohy akasogea, mjeledi ungali mkononi. Rua akalaza masikio, akaonyesha meno. Tuohy akarudi nyuma, na safari hii kicheko kilitoka hata kwa waliokuwa wakiitikia.

Fintan alikuwa ameshafungua mlango wa gari la kubebea farasi. Sorcha akakataa; alimpitisha Rua katikati ya umati, akashika njia ya nyumbani juu ya tandiko, akilowa mvua. Fintan akawafuata polepole na gari. Karibu na daraja, Rua alivuta hatamu, masikio mbele, akitaka kuruka mtaro mpana kando ya barabara, ng'ambo yake malisho matupu.

"Sorcha! Mguu wako!" Fintan alipiga kelele dirishani.

Sorcha alishika manyoya, akaziachia hatamu.