Mkono wa Kuitunza Saa

Shemeji yangu alikuwa na mkono wa kushoto uliosoma kuliko yeye mwenyewe. Huo ndio uliokuwa unaonyesha njia, ndio uliokuwa unapinga hoja, ndio uliokuwa unakuna sikio la kulia hata kama kuufikisha huko ni kazi. Tangu azaliwe alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Lakini saa ilikaa kushoto, basi na yeye mzima mzima akahamia kushoto.

Saa yenyewe ilikuwa ya mdogo wake, marehemu mume wangu.

Mume wangu aliichagua kama watu wenye akili wanavyochagua mchumba. Alikuwa mwongoza treni pale stesheni, yule anayesimama jukwaani na kibendera, na treni haiondoki mpaka yeye aseme. Mwezi mzima alikuwa akitumia mapumziko yake ya mchana kwenda dukani kuzitazama saa, mpaka muuzaji akaacha kumsalimia. Za dhahabu ya kupakwa alizisukuma kando. Zenye vidirisha vitatu vidogo ndani alizicheka. "Hizi ni za mtu asiye na kazi," aliniambia, "anatafuta cha kusoma." Aliyoichukua ilikuwa ya chuma, uso mweupe, tarakimu zinazosomeka hata na mtu mwenye usingizi. Haikuwa na betri. Ilijijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa.

Jioni ile alinikalisha kitandani anionyeshe mshale wa sekunde. "Huu hauruki," akasema. "Unateleza kama mafuta kwenye kikaango. Za betri zinaruka, tik, tik. Hii haina haraka na haina uvivu." Binti yetu, mdogo wakati ule, alizoea kulala sikio lake likiwa juu ya mkono wa baba yake, akisikiliza. Baadaye mume wangu aliigonga kwenye mlango wa behewa, ukingo wa chini ukabonyea kidogo. Hakujali. Alisema sasa hata ikiibwa ataijua.

Alipougua na kuona hatainuka, alituita wote, na shemeji akiwepo. Akasema saa ni ya binti, siku atakayoanza kazi. Hakuna aliyeuliza swali, maana hapakuwa na cha kuuliza.

Matanga hayajaisha vizuri, shemeji akaja na somo lake. "Shemeji, saa za namna hii si za kuweka sandukuni. Zinahitaji mkono. Ikilala, inakufa. Mimi nitaivaa tu, niitunze, mpaka mtoto akue." Ni uongo. Mume wangu alipokuwa likizo aliiacha juu ya kabati, ikasimama, na akirudi aliitikisa kidogo ikaendelea. Hazifi, zinalala. Lakini nilikuwa nimechoka kulia, na mwenzangu alikuwa ameshakunja shati.

Tangu siku hiyo hakulikunjua tena. Baridi ikija, mkono mmoja wa shati chini, mmoja juu. Akila na wageni, mkono wa kushoto unalazwa mezani karibu na bakuli la mboga kama chakula kingine. Na umuulize saa ngapi, jamani, anageuka kutazama saa ya ukutani. Sijawahi kumwona akiwahi popote. Hata kwenye hitima ya nduguye alifika watu wanavaa viatu kuondoka, akasema foleni.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wanasema. Yeye hakutaka kusitiriwa. Alitaka kuonekana.

Kisha akapandishwa cheo. Alikuwa karani katika bohari ya saruji, ghafla akawa msimamizi wake. Nilimpongeza. Akavimba, akanijibu, "Dunia hii, shemeji, mkono mtupu haulambwi." Nikadhani ni maneno tu ya mtu aliyepata. Siku ileile niliona saa inang'aa kupita kawaida na ule ubonyevu wa ukingoni haupo. Nikamuuliza. "Nimeipeleka kwa fundi," akasema, "ikasuguliwa. Nilikwambia nitaitunza." Alisema hivyo bila kupepesa macho.

Binti yangu akamaliza uuguzi, akapangiwa hospitali ya mbali. Akaniuliza swali moja tu wakati anakunja sare zake: "Mama, baba mkubwa atanipa?"

"Atakupa," nikasema. "Alimsikia baba yako kwa masikio yake."

Wala hakutaka saa nyingine. Wenzake walinunua zile za kubandika kifuani, yeye akasema anasubiri ya baba.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania sherehe ya kumuaga ifanyike kwake, sebuleni, mchana wa Jumapili. Makochi yake bado yana nailoni za dukani. Ukikaa yanalia, ukiinuka yanakushika. Kwenye kochi kubwa alimweka mgeni rasmi, meneja wake wa bohari, mzee mnene mpole aliyevaa koti kwenye joto lile. Sisi watu wa nyumbani tulipewa viti vya plastiki. Mimi, mama wa anayeagwa, nilipewa sinia la soda nizungushe.

Akasimama kuhutubia. Alizungumzia wakati. Wakati ni mali, wakati haumngoji mtu, na mambo mengine ambayo angeyajua angekuwa anafika mapema. Mkono wa kushoto ukapanda, ukashuka. Watu wakasubiri aivue.

"Sasa kuhusu saa ya marehemu," akasema, "mimi sina tatizo. Ila tuseme kweli. Saa hii imezoea mkono wa mtu mzima. Nikimpa huyu leo ataitupa kwenye kabati la manesi, ilale, ife. Apate uzoefu kwanza. Mimi nitaendelea kubeba huu mzigo."

Wakaitikia kwa vichwa, maana soda ilikuwa yake.

Binti yangu hakubishana. Aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele yake, adabu tupu.

"Sawa, baba mkubwa. Basi nikupime mapigo kwa saa ya baba. Mara moja tu, niondoke na baraka."

Nani angemkatalia? Shemeji alikaa, akajinyoosha kama mtu anayepigwa picha. Akatoa mikono yote miwili. Binti akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa vidole, na wa kushoto akaulaza pajani mwake aone saa. Akatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Baba mkubwa," akasema, "mshale unaruka."

"Unaruka wapi?"

"Wa sekunde. Wa saa ya baba ulikuwa unateleza. Nimeulalia utoto wangu wote, naujua. Hii ni ya betri."

Shemeji akacheka. "Mwanangu, fundi alibadilisha vitu vya ndani, ndiyo maana..."

"Mapigo yako yanapanda," binti akasema. Hakuwa ameachia mkono. "Hii hata ukiitupa uvunguni mwaka mzima, utaikuta inatembea. Haihitaji mkono wa mtu kuitunza. Umekuwa ukimtunzia nani?"

"Shemeji," akaniita, sauti imekonda, "mwambie mtoto huyu aniheshimu."

"Anakuhesabia tu," nikasema. "Kaa utulie."

"Ya baba iko wapi?" binti akauliza. Kisha, taratibu, kama anavyoongea na mgonjwa: "Usiseme uongo, baba mkubwa. Vidole vyangu viko hapa."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia kwenye kochi kubwa. Macho yake yalikimbia yenyewe hadi kwa mgeni rasmi, na sisi wote tukageuka. Mgeni rasmi alikuwa anavuta mkono wa koti lake, taratibu, ufunike kifundo cha mkono.

Kumbe saa ya mume wangu ndiyo saruji iliyomjengea cheo. Na kwa kupenda makuu, akaona hata sherehe ya mtoto haifai bila bosi wake, akamwalika kwa kadi, akamkalisha mbele ya mtoto wa marehemu akiwa amevaa saa ya marehemu.

Nikaweka sinia sakafuni. Nikaenda mpaka kwenye kochi kubwa, nikamwekea yule mzee kiganja mbele.

"Mama, mimi nilipewa," akasema. "Aliniambia ni ya kwake."

"Najua. Naomba."

Aliivua. Nailoni ya kochi ililia na yeye akiinama. Nikapitisha kidole ukingoni, ule ubonyevu ukanipokea. Ilikuwa na joto la mkono wake, na mshale ulikuwa unateleza.

Nikampelekea binti yangu, yeye bado kapiga magoti, akaivaa palepale. Mkanda ulikuwa mkubwa, saa ikamwangukia karibu na kiganja. Ndipo akamwachia baba yake mkubwa mkono, akausukuma pajani kwa mwenyewe.

Shemeji akateremsha shati mpaka vidoleni, akafunga kifungo.