Spana Isiyouliza Namba

...na namba ya nini tena, kwani kaja kucheza bahati nasibu, mtu kaja Darajani kununua spana, Bi Badriya mwenye duka anamuuliza nati namba ngapi kama daktari anayeulizia presha, yeye, Msabah wa Michenzani, aliyeshusha injini peke yake huku ghorofa nzima imejaa madirishani... "Litazame hili sanduku kwanza, bwana Msabah," vipande mia na nane, vinameremeta kama vidani vya bi harusi, vya kupigia picha hivi, ukivikazia nati ya baiskeli tu vinapinda, "lakini hilo sikushauri," kumbe hajamaliza, "chukua hili dogo, chuma chake kizito, kila spana na namba yake," dogo! vipande kumi na viwili! amejulia wapi huyu, kakaa na chetezo chake cha udi kutwa, wakati yeye nyumbani ana moja tu, spana malaya, ya marehemu baba yake, unaizungusha inapanua mdomo, inakamata nati yoyote haiulizi namba, jina lake ndilo halitamkiki mbele ya mwanamke wa heshima, lakini kazi yake, kaifungulia mashine ya boti kule Makunduchi, boti ya Mtaliano, haya, pampu ya boti, haya, kifuniko cha pampu... na asingekanyaga hapa leo lau si Pandu, shemeji yake, eti fundi, gereji yake kule Amani kapanga spana ukutani kwa namba, kila moja kaichorea kivuli chake, fundi gani anachora picha, huyo ndiye aliyembadilishia oili ya gari mara ya mwisho akaiacha nati ya chini ya injini imelika pembe zote, duara kama gololi, Msabah kajilaza chini ya gari mwenyewe, katoka, kalitangazia baraza zima, huyu msimpe hata toroli, watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, wateja wawili wakahama, na Mwanapili tangu siku hiyo anamtengea mumewe sahani bila ya kusema karibu, "Kaka yangu hajala nati ya mtu, Msabah," basi, sasa atanunua vyombo vyake, ataing'oa nati mwenyewe, Pandu hatomhitaji tena mpaka kiama... "Nati yenyewe imelika pembe." "Imelikaje?" "Fundi mbovu, Bi Badriya." "Alitumia nini?" anaokota nati koponi, anaivalisha spana ya namba yake, imekaa kimya, haichezi, "Hii haili nati. Au alitumia spana malaya?" kalitamka kama anayetaja sukari! anaiangua moja msumarini, anaibania nati ile, anazungusha, mdomo unaachia, kra... kra, sauti hiyo hiyo ya siku ile, yeye Msabah kalala chali chini ya gari, oili jichoni, kra, akasema hiyoo inalegea, kra, akavuta kwa nguvu zake zote, na kabla ya hapo, kabla ya kra ya kwanza, aliifuta nati kwa kitambaa, kidole kikapita juu yake, pembe, kali, sita... alizihesabu. Sita. Na sasa imekuwa gololi, haipimiki, kisiwa kizima anayeijua namba yake ni mtu mmoja, yuko Amani, ana kivuli chake ukutani... udi unafuka, sanduku liko wazi vile vile, "Nnakuuliza, bwana Msabah, namba ngapi?" na mdomo wake Msabah umepanuka, umepanuka, haukamati kitu.